Kuchangisha ada na gharama za utafiti ukiwa Uganda

Changisho la ada au la utafiti huamuliwa kabla halijatangazwa. Siku kiungo kinapoanza kuzunguka kwenye WhatsApp, mambo matatu yawe yamekwisha: hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuihakiki, njia ya pesa inayoishia kwenye akaunti ya shule au maabara badala ya mfukoni mwa mtu, na orodha ya watu wa kwanza waliokwisha kukubali kutoa. Wengi huanza kinyume. Hutengeneza bango, hubandika namba ya simu, kisha hungoja msaada wa watu wasiowajua. Asiyekujua hutoa mwisho, tena hutoa akiona wanaokujua wametangulia.

Uganda jambo hili halihitaji kufundishwa upya. Makaburi ya Kasubi, ya wafalme wa Buganda, yaliungua Machi 2010, na mwaka 2013 Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda, Charles Peter Mayiga, akazindua kampeni ya Ettoffaali, ambamo kila mtu alialikwa kuchangia tofali la ujenzi. Mtu alijua pesa yake inanunua kitu gani, na alitoa mbele ya wenzake. Hayo mawili ndiyo utakayohitaji, hata kama unachotafuta ni ada ya muhula mmoja.

Kwanza, pesa zisizohitaji mchango

Mwanafunzi wa chuo aombe mkopo wa HESFB, bodi ya serikali ya kufadhili wanafunzi wa elimu ya juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkopo huo hugharamia ada ya masomo, ada nyinginezo za lazima za chuo na ada ya utafiti. Chakula na malazi hubaki mzigo wa mwanafunzi mwenyewe. Akiupata, changisho lake linakuwa dogo na la kueleweka: hosteli, chakula, kompyuta. Mtafiti wa Makerere aulize kama Mfuko wa Utafiti na Ubunifu wa chuo hicho, ulioanza kupewa pesa na serikali mwaka wa fedha 2019/20, unapokea maombi.

Kwa sekondari kuna swali ambalo kila mchangiaji hujiuliza kimoyomoyo: kwa nini shule hii? Kama karibu na nyumbani ipo shule iliyo kwenye mpango wa elimu ya sekondari kwa wote, ulioanza 2007, eleza wazi kwa nini mtoto hawezi kwenda huko. Huenda haina masomo anayoyachukua, au iko mbali mno kwa mtoto wa kutwa. Ukikosa sababu ya kueleza, ni afadhali ubadilishe shule kuliko kuchangisha.

Hesabu

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko popote. Kwa ada, chukua orodha ya malipo iliyopigwa muhuri wa shule, kisha ongeza yale ambayo orodha huyataja chini kabisa kwa herufi ndogo: karatasi za rimu, ufagio, karatasi za chooni, godoro, sanduku la bati, sare, nauli ya kwenda na kurudi kila muhula. Mwanafunzi wa S.4 au S.6 (kidato cha nne au cha sita) ana ada ya kujisajili UNEB, bodi ya mitihani ya taifa, na dirisha la kujisajili lina siku yake ya kufungwa. Michango mingi hukusanya ada yote, halafu mtoto akarudishwa getini kwa kukosa rimu mbili na godoro.

Utafiti una mashimo mengi zaidi. Tuseme mwanafunzi wa uzamili anataka kupima maji ya visima 40 wilayani Busia, mara moja wakati wa kiangazi na mara moja wakati wa mvua. Bei hizi ni za mfano. Zako zitoke kwenye ankara za kweli.

- Vipimo vya maabara, sampuli 80 kwa sh 45,000: sh 3,600,000
- Sampuli 8 za uhakiki kwa bei hiyohiyo: sh 360,000
- Chupa 88 zilizotakaswa kwa sh 3,000: sh 264,000
- Sanduku la kuhifadhi baridi: sh 150,000
- Barafu, siku 10 kwa sh 10,000: sh 100,000
- Usafiri, siku 10 kwa sh 50,000: sh 500,000
- Msaidizi wa uwandani, siku 10 kwa sh 40,000: sh 400,000
- Ada za vibali: sh 500,000
- Kuchapa na kujalidi: sh 200,000

Jumla ni sh 6,074,000. Tazama zile siku 10. Hazikuwekwa kwa kukisia. Sampuli ya kupima vijidudu vitokanavyo na kinyesi lazima ikae kwenye baridi, gizani, na ipimwe ndani ya saa 24, ikiwezekana ndani ya saa 6. Huwezi basi kuzunguka visima vyote 40 kwa siku mbili, ukarundika chupa hadi Ijumaa. Visima 8 kwa siku, siku 5 kila msimu, na kila jioni sanduku lifike maabara. Anayepuuza hili huandika usafiri wa siku 3, halafu pesa humwishia katikati ya msimu wa mvua, na data ya nusu ya visima haifai kitu. Sampuli 8 za uhakiki nazo (chupa za maji safi yaliyopitishwa njia ileile, pamoja na visima vilivyopimwa mara mbili) husahauliwa karibu kila mara, na mtahini wa tasnifu ndiye wa kwanza kuziulizia.

Ongeza asilimia 10 ya dharura: sh 607,400. Sasa unahitaji sh 6,681,400 mkononi. Makato ya njia ya pesa huondolewa kwenye kile kilichochangwa, kwa hiyo usijumlishe asilimia, gawanya. Kama makato yote yanakaribia asilimia 5, gawanya kwa 0.95, utapata sh 7,033,000 na ushee. Weka lengo la sh 7,050,000. Ukijumlisha asilimia 5 tu utafika sh 7,015,470, na baada ya makato utabaki na pungufu ya karibu sh 17,000. Ni kidogo, lakini makato yakifika asilimia 10 pengo hilo linakuwa zaidi ya sh 66,000, siku nzima ya usafiri na ziada.

Halafu piga hesabu ya pili, ya mradi mdogo. Ukipima visima 20, gharama haishuki nusu kwa nusu, maana vibali, sanduku na kujalidi havipungui: kwa bei hizohizo na siku 6 za kazi, lengo linakuwa kama sh 4,150,000. Hicho ndicho kiwango chako cha chini. Chini ya hapo hakuna utafiti, na wachangiaji waambiwe tangu mwanzo kwamba watarudishiwa pesa zao.

Mwisho wa hesabu, tafuta tofali lako. Hapa ni chupa moja na kipimo chake, sh 48,000. Kwa ada inaweza kuwa wiki moja ya shule: gawanya ada ya muhula kwa idadi ya wiki. Mtu anayeona sh 7,050,000 hunyamaza. Yuleyule akiona sh 48,000 hujiuliza kama anaweza kutoa chupa moja au mbili.

Vibali kabla ya mchango mkubwa

Utafiti unaogusa watu, iwe ni kuwahoji, kuwapima au kusoma mafaili yao ya hospitali, hupita kwanza kamati ya maadili iliyotambuliwa, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, ambalo maombi yake huwekwa kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao NIRIMS. Ukifanya kazi ndani ya hifadhi ya wanyama unahitaji ruhusa ya UWA, mamlaka ya wanyamapori. Kwenye makazi ya wakimbizi, kwa mfano Bidibidi wilayani Yumbe, ni Ofisi ya Waziri Mkuu. Sampuli zikitoka nje ya nchi, lazima uwe na mkataba wa kuhamisha sampuli ulioidhinishwa. Wilayani nako barua ya utambulisho hutangulia gari.

Mpangilio unaofaa ni kuchanga mara mbili. Duru ya kwanza ni ndogo, ya watu wako wa karibu, kwa ajili ya ada za vibali na majaribio ya awali. Duru ya pili, ya hadharani, ianze kibali kikiwa mkononi. Ukitangulia, kamati inaweza kukutaka ubadilishe mbinu au upunguze washiriki, bajeti ikabadilika, nawe umeshawaahidi watu 90 jambo jingine. Kibali kinaweza kuchelewa miezi, na pesa za watu zikikaa miezi bila kazi huzaa maneno.

Andika pia sentensi moja ambayo wengi huiacha: wachangiaji hawaamui matokeo, na matokeo yatatolewa hata yasipopendeza. Mfanyabiashara wa maji akichangia utafiti wa visima, sentensi hiyo itakulinda wewe, na yeye pia.

Njia ya pesa

Njia bora kuliko zote ni mchangiaji kulipa moja kwa moja. Shule nyingi za Uganda hutumia namba ya malipo ya mwanafunzi, kama ile ya SchoolPay, na yeyote mwenye namba hiyo anaweza kulipia kwa simu. Vyuo vikuu vya umma hupokea ada kupitia URA, mamlaka ya mapato, kwa PRN, namba ya malipo ambayo mwanafunzi huitoa kwenye tovuti ya chuo chake. PRN hulipwa benki au kwa simu, *165# ya MTN au *185# ya Airtel. Ina tarehe ya kuisha, kwa hiyo usiitume leo kwa mtu atakayelipa mwezi ujao. Hakiki jina na kiasi kabla ya kuituma kwa mtu, maana malipo yaliyoingia kwa mwanafunzi mwingine huchukua muda mrefu kurekebishwa.

Lakini njia hiyo inawafaa watoaji wakubwa. Huwezi kumpa kila mtu wa sh 10,000 PRN yake. Kwa hawa, sajili laini mpya ya simu itakayotumika kwa changisho tu, kwa kitambulisho cha taifa cha mtu anayeaminika, na jina hilohilo liwe kwenye bango. Mtumaji huonyeshwa jina kabla ya kuthibitisha. Likiwa tofauti na la bangoni, wengi huishia hapo, na wanafanya vyema. Laini ya mama mwenye duka haifai hata kama mama mwenyewe ni mwaminifu, maana pesa za sukari na za ada zitaingia pamoja, na taarifa ya akaunti haitasomeka.

Zikijaa kidogo, hamisha kwenda akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa. Wasiwe ndugu wa nyumba moja. Mwalimu, kiongozi wa kanisa au msikiti na mtu mmoja wa ukoo ni mchanganyiko unaokubalika karibu kila mahali. Wanaoijua akiba ya kijiji, lile sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, hawatahitaji maelezo.

Epuka kutoa taslimu. Serikali hutoza asilimia 0.5 ya kila pesa inayotolewa taslimu kwenye akaunti ya simu, na hapo hujaweka ada ya kampuni. Kwa sh 7,050,000, tozo hiyo peke yake ni sh 35,250. Lipa shule na maabara kutoka kwenye simu au benki. Utaokoa pesa, na kila malipo yatakuwa na ushahidi wake.

Kikundi kinachochangisha kila mwaka kwa ajili ya wanafunzi wa kijiji kijisajili wilayani kama shirika la kijamii. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii na uwe na barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Benki huuliza chanzo cha pesa, na kikundi kisicho na karatasi hupata shida ya kujibu. Usiahidi faida wala hisa kwa yeyote. Ukifanya hivyo si mchango tena, umeingia kwenye mambo ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Majukwaa ya nje

Ndugu walio ughaibuni hupenda GoFundMe, jukwaa la kuchangisha mtandaoni, na ina faida yake: kadi za benki zinakubalika na kila mchango unaonekana. Ila mtu aliyeko Uganda hawezi kutolea pesa hapa. Mwandaaji lazima aishi kwenye nchi inayohudumiwa, kama Marekani, Uingereza au Kanada, na pesa ziingie kwenye akaunti ya huko, kisha atume. Kwa hiyo jukwaa linamtambua yeye, na sifa itakayoharibika mambo yakienda mrama ni ya kwake. Ukurasa useme wazi yeye ni nani kwako na pesa zitakufikiaje.

Marekani makato ni asilimia 2.9 pamoja na senti 30 za dola kwa kila mchango. Mchango wa dola 100 hupoteza dola 3.20. Mchango wa dola 5 hupoteza karibu senti 45, yaani asilimia 9. Waliozoea kutoa dola tano tano ni bora wamkabidhi mmoja wao atume kwa pamoja, au watumie huduma ya kutuma pesa kama WorldRemit au Sendwave moja kwa moja kwenye laini ya changisho. Waonye pia kwamba ukurasa wa malipo una bahashishi ya hiari kwa jukwaa lenyewe. Mtu anaweza kuipunguza hadi sifuri, na asipoambiwa hudhani umemkata wewe.

Kickstarter usipoteze muda nayo: Uganda haimo kwenye nchi za waandaaji, na haikubali michango ya hisani wala ya ada. Experiment ni ya utafiti wa kisayansi. Inafuata kanuni ya yote au bila, yaani lengo lisipofikiwa hakuna kadi inayokatwa, na likifikiwa hukata asilimia 8 pamoja na gharama ya malipo. Kabla ya kuandika chochote humo, waulize kama wanaweza kulipa akaunti ya Uganda. Wasipoweza, mshirika wa chuo cha nje ndiye atakayepokea, na hilo linahitaji mkataba kupitia ofisi ya ruzuku ya chuo chako. GlobalGiving hupokea mashirika yaliyosajiliwa, si mtu mmojammoja.

Watu thelathini wa kwanza

Mwaka 2011 wanasayansi kadhaa walijaribu kuchangisha utafiti wao mtandaoni kwa pamoja, katika jaribio lililoitwa SciFund Challenge. Somo kubwa lililotoka humo ni kwamba aliyekuwa na watu wanaomfuatilia tangu zamani, na aliyewaendea, ndiye aliyepata. Ubora wa wazo peke yake haukutosha. Uganda ni hivyohivyo.

Andika majina 30 kwenye daftari: ukoo, waliosoma nawe, walimu wako, kazini, kanisani au msikitini, SACCO, watu wa kijijini kwenu waliohamia Kampala au nje. Kila mmoja mwendee peke yake. Kijana mwenzako atumiwe ujumbe wa sauti wa nusu dakika. Mzee hatumiwi kiungo. Hupigiwa simu au huendewa nyumbani, salamu zikamilike, na ombi lije baada ya kumweleza umefika wapi kimasomo. Mwambie kiasi ulichokifikiria: "Mzee, nilikuwa naomba unishike mkono kwa chupa mbili." Ombi lisilo na kiasi humwachia mtu kazi ya kukisia, na anayeogopa kutoa kidogo mwisho hatoi kabisa.

Usitangaze hadharani mpaka theluthi ya lengo iwe imeingia. Iliyoingia, si iliyoahidiwa. Ahadi ziandike kwenye safu yake pamoja na tarehe ambayo mtu mwenyewe ameitaja, na umkumbushe siku hiyo asubuhi, mara moja kwa upole. Kumtaja mtu mbele ya kundi kwamba hajalipa ahadi hukupatia sh 20,000 na kukupotezea mtu wa miaka.

Ujumbe wa hadharani uwe mfupi. Huu unatosha:

*"Naitwa (jina), mwanafunzi wa uzamili. Napima maji ya visima 40 Busia ili wanakijiji wajue ni visima vipi vilivyo salama. Lengo ni sh 7,050,000. Chupa moja na kipimo chake ni sh 48,000. Tumeshapata chupa 50. Pesa zinatunzwa na (majina matatu). Namba ni moja tu na haitabadilika: (namba, jina lililosajiliwa). Ankara ya maabara na kibali viko hapa chini. Zisipovuka sh 4,150,000 kila mtu atarudishiwa. Zikizidi lengo, tutaongeza visima. Tunafunga tarehe 30. Hesabu kila Jumamosi."*

Ambatisha picha moja nyepesi. Bando za intaneti zina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, na video ya dakika nne kwenye kundi la kijiji haifunguliwi. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, kwa hiyo itakufaa kwa walio nje; walio ndani wafuate WhatsApp, TikTok na X.

Kama ni ada ya mtoto, linda heshima yake. Usiweke pamoja jina kamili, picha, shule na kijiji. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na hata bila sheria, picha ya mtoto akilia na nguo zilizochanika itabaki mtandaoni siku atakapokuwa mwalimu au daktari. Mwonyeshe akiwa na daftari lake.

Tarehe

Siku 30 zinatosha. Zikizidi, watu husahau. Zindua kati ya tarehe 25 na 28, mishahara ya serikali inapoingia. Mwezi mbaya kuliko yote ni ule wa kufungua muhula wa kwanza, mwishoni mwa Januari na Februari, kwa sababu kila unayemwomba anahangaikia ada za watoto wake. Anayetaka ada ya Februari achangishe Novemba, achukue nusu mwisho wa Novemba na nusu Desemba, kabla Krismasi haijameza mfuko. Wa chuo, anayeanza Agosti, aanze Mei au Juni. Kijijini fuata mavuno: mkulima wa kahawa huwa na pesa zikishauzwa, na miezi hiyo haifanani kati ya Masaka na Mbale.

Wezi

Bango lako litaibwa na kurudishwa likiwa na namba nyingine. Ndiyo maana namba iandikwe ndani ya picha, itamkwe kwenye ujumbe wa sauti, na irudiwe kila Jumamosi kwamba ni moja. Ukisikia ya pili inazunguka, tangaza saa hiyohiyo kwenye makundi yote na uripoti kwa kampuni ya simu.

Ujumbe mfupi unaosema umepokea pesa si pesa. Angalia salio. Akipiga mtu akidai amekosea namba na kukutaka urudishe, usitume chochote mwenyewe. Mwambie aende kwa kampuni yake ya simu, ndiyo yenye utaratibu wa kurudisha. Wadanganyifu hutuma ujumbe wa kughushi, kisha hulilia huruma ya mweka hazina. Namba ya siri isijulikane na mtu wa pili, hata msaidizi wako.

Nawe thibitisha nyaraka zako kabla watu hawajakushuku. Barua ya kupokelewa chuoni iwe na namba ya simu ya ofisi ya msajili wa chuo, ili mwenye shaka apige.

Baada ya kufunga

Ndani ya siku tatu toa hesabu: kilichoingia, makato, kilichobaki. Ndani ya siku tatu za kulipa, tuma risiti, ukifunika namba ya mwanafunzi. Ada ikilipwa kwa mihula mitatu, usilipe yote Februari kama shule haidai. Lipa muhula kwa muhula, ili mtoto akihama au akiugua pesa isikwame. Andika mapema itakwenda kwa nani ikibaki: mwanafunzi mwingine wa shule hiyohiyo ni jibu ambalo wachangiaji wengi hulikubali.

Matokeo ya mitihani ya mtoto usiyatangaze bila ridhaa yake. Kumwambia mchangiaji kwamba ameingia S.6 kunatosha.

Mtafiti ana deni la pande mbili. Wachangiaji wapate kurasa mbili kwa Kiswahili au lugha ya kwao, zenye ramani na maelezo ya mbinu. Kamati za maji za vijiji zipate majibu ya visima vyao, kwa utaratibu ulioidhinishwa na kamati ya maadili. Kisima chenye vijidudu kisingoje tasnifu ijalidiwe. Daftari la michango, taarifa za simu na risiti vihifadhiwe pamoja hadi masomo yaishe, laini ya changisho ifungwe, na akaunti ya benki ifungwe kwa saini za wote watatu.